Kyubu Tatu za Okochi

Atai alirudi kazini kabla matanga hayajaisha, na mji wa Tororo, ambao midomo yake haijawahi kukosa kazi, ukapata la kusema. Mjane wa wapi huyo? Mume hata kaburi halijashika majani, yeye amepanda boda kwenda kuchezea kokoto! Waliosema hivyo hawakujua kwamba aliyemtoa msibani alikuwa mama mkwe wake mwenyewe, Nasirumbi wa Lumino. Na hakumtoa kwa kumruhusu tu, alimsukuma.

"Wewe nakwenda," Nasirumbi alimwambia. "Nakwenda kuvunja ile vitu ya Okochi. Jumamosi watu nakaa hapa kumaliza matanga. Uje na majibu. Ukija mikono mitupu, mimi uso wangu nitaweka wapi?"

Kwa watu wa Okochi, mumewe, siku ya kumaliza matanga ndiyo siku ya madai. Ukoo unakaa, msemaji anauliza: nani ana neno na marehemu? Mwenye neno analitoa hapo hapo, na hapo hapo linajibiwa. Lisipojibiwa linabaki, na linawafuata watoto wa marehemu mpaka wanazeeka nalo. Neno lililokuwa linamngoja Okochi halikuwa dogo. Watu walikuwa wanasema ameiba simenti ya watoto wa shule. Binti yake, Ajambo, ambaye hata kufunga viatu vyake bado ni vita, alikuwa ameshaulizwa kisimani kama ni yeye mtoto wa mwizi.

Basi Atai akaenda. Na kama mnataka kujua alikuwa anahisi nini njiani, nitawaambia kweli: hakuwa anahisi kitu. Umewahi kuukalia mguu vibaya kanisani, mahubiri yakawa marefu, ukija kusimama ukakuta mguu si wako? Ndivyo alivyokuwa Atai tangu mazishi, mwili mzima hadi moyoni. Ganzi tupu. Akipewa chakula anakula, akionyeshwa kitanda analala, akiambiwa pole anasema asante. Alikuwa anaona haya kwamba analala vizuri.

Sasa niwaeleze kazi yake, maana bila hiyo hamtanielewa. Atai alikuwa anapima zege katika maabara moja ndogo nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu wakijenga kitu kizito, siku ya kumwaga zege wanachota kidogo katika lile lile linalomwagwa, wanajaza kalibu za chuma, wanashindilia kwa fimbo ya chuma ili hewa itoke. Kesho yake wanafungua wanatoa vipande vya mraba, pande zote sawa, kila kimoja kizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Mafundi wanaviita kyubu. Kyubu zinaletwa maabara zinalazwa ndani ya tangi la maji, maana zege hukomaa polepole, na siku ya ishirini na nane zinawekwa kwenye mashine zinabanwa mpaka zinapasuka. Mashine inasema zimebeba kiasi gani. Zikibeba kiasi kilichoandikwa kwenye ramani, jengo linaendelea. Zisipobeba, watu wanaanza kutafutana.

Na Okochi alikuwa fundi mkuu wa ujenzi, Msamia wa Lumino, mrefu, mcheshi, mwenye kupenda watu wampende. Walikutana hapo hapo maabara. Alileta kyubu zenye matundu kila upande, Atai akazitazama, akamuuliza, "Hizi ni kyubu au ni mandazi?" Wafanyakazi walicheka mpaka wakashika kuta. Akamrudisha nazo. Okochi akaleta nyingine, akarudishwa tena, na mara ya tatu akaja na kyubu na soda. Ndoa yao ilianza hivyo na iliendelea hivyo. Jioni mezani Atai alikuwa bado anamgombeza: hukushindilia vizuri, kokoto hukuosha, maji umezidisha. Okochi alikuwa anasema, "Ipo siku nitakuletea kyubu ukose la kusema." Atai alikuwa anamjibu, "Siku hiyo nitakuchinjia jogoo."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa bweni la wasichana la shule moja huko Sikuda, jengo la ghorofa moja. Wengi wa wasichana hao walitoka Majanji, ambako wazazi wao wanavua na kuuza samaki, na shuleni walikuwa wanalala chini kwenye madarasa, wakiondoa madawati usiku na kuyarudisha asubuhi. Okochi alimwaga slabu ya juu, ile sakafu ya zege ambayo vitanda vyao vingesimama juu yake. Kesho yake akaleta kyubu tatu mwenyewe kwa boda, akazishusha moja moja kama anashusha mayai. Atai alikuwa na wateja. Alizitupia jicho, akasema, "Afadhali leo." Okochi alitabasamu mpaka masikioni, akanywa chai, akaondoka.

Wiki ile ile lori lililokuwa linakimbilia foleni ya mpakani lilimgonga kwenye barabara ya Busia. Hakufika hospitali.

Walipokwisha kumzika ndipo mbao za pembeni ya slabu zilipobanduliwa, na nyufa zikaonekana. Lo! Maneno yakaota miguu. Eti simenti ya shule ilivuka kwenda Kenya kwa baiskeli, kwa njia za panya. Eti ndiyo maana Mungu hakumpa hata siku ya kutubu. Maiti haina mdomo wa kujitetea, na binadamu tunalijua hilo, ndiyo maana tunapenda sana kumsema. Kamati ya shule ikaamua kungoja majibu ya kyubu. Zikifaulu, miti inayoshikilia slabu kwa chini itaondolewa na wasichana watahamia. Zikishindwa, Okochi ni mwizi. Hivyo ndivyo watu walivyolipanga jambo, na Nasirumbi alilipanga hivyo hivyo.

Siku ya kuvunja ilipofika, mkuu wa maabara, Injinia Jamilu, alimkuta Atai ameshafika, amevaa koti la kazi, ameinama juu ya tangi.

"Mama Ajambo, pole tena," akasema. Jamilu ni mtoto wa mjini pale Tororo, watu wao ni wa malori na biashara, na Kiswahili amezaliwa nacho. "Hii kazi niachie mimi. Si vizuri wewe kuifanya."

"Nitaifanya, Injinia. Nimetumwa."

Alizitoa kyubu majini, akazifuta, akazipima uzito. Maji yalikuwa baridi na mikono yake iliona baridi, lakini ilikuwa ni mikono tu. Juu ya kila kyubu Okochi alikuwa amechora kwa msumari tarehe na neno Sikuda. Atai aliyasoma maandishi hayo kama anavyosoma ya fundi yeyote. Akaiweka ya kwanza katikati ya sahani za mashine, akafunga mlango wa waya, akaanza kuibana.

Kwenye ramani ya bweni, nguvu iliyotakiwa kwa kipimo cha mashine iliandikwa ishirini na tano. Kyubu ya kwanza ilipita ishirini na tano bila hata kuisalimia. Ikapita thelathini. Ikapita arobaini, na Jamilu, aliyekuwa amesimama na kikombe chake, akakiweka chini. Ikapasuka kwa kishindo kwenye arobaini na nne. Ya pili ikafika arobaini na tano. Ya tatu, arobaini na nne tena. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale Atai hakuwa ameona kyubu za mabweni zikibeba hivyo. Hizo zilikuwa nguvu za daraja.

Mwingine angepiga vigelegele. Jina la mume limeokoka, mtoto ameokoka, mama mkwe ataweka uso wake mahali! Atai aliinama akaokota kipande kilichopasuka, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Ndani hapakuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Kokoto zilikuwa za ukubwa mmoja, safi, zimekaa kwa nafasi. Na kokoto za Sikuda Atai alizijua, maana sampuli yake ilikuwa bado ndani ya ndoo pale kona: kubwa kwa ndogo, zimejaa vumbi jekundu. Mtu alikuwa amezichekecha hizi. Amezichekecha, akaziosha, akazichanganya na simenti ya kutosha mara mbili na maji ya kubania, kisha akashindilia mpaka mkono ukamchoka. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu aliyegombezwa mezani kwa miaka, akayakumbuka yote aliyogombezewa, akayafuata moja baada ya jingine.

"Injinia," Atai akasema, "hili si zege la slabu."

Jamilu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Nimeona," akasema.

"Umeona saa ngapi?"

"Ya kwanza ilipopita arobaini. Nilikuwa naomba Mungu wewe usione."

Nje mtu alikuwa anapakia mabati na kelele zake zilijaa chumba.

"Sikiliza, Mama Ajambo," Jamilu akasema taratibu. "Kuna namna ya kuandika. Tunaandika: kyubu zilizoletwa zimebeba arobaini na nne. Zimeletwa, tumezivunja, zimebeba. Hakuna uongo hapo. Unakwenda Lumino, mama yako anapumua, mtoto anasoma kwa amani. Aliyekufa anapumzika."

"Na miti?"

"Jumatatu wataiondoa."

"Halafu wasichana wanapanda."

Hapa ningependa kuwaambia kwamba Atai aliwafikiria wale wasichana, moyo ukamjaa ujasiri, akapiga meza. Ingekuwa hadithi tamu. Lakini hakujaa chochote. Alijua kwamba akiitwaa karatasi ile jina la Okochi litapona, na akiikataa atampeleka yeye mwenyewe kwenye midomo ya watu, na hayo yote mawili aliyaona kwa mbali, kama mambo ya jirani. Lililomtoka lilikuwa mazoea tu, neno alilokwisha kuwaambia mafundi wengi, na mmoja wao akamwoa.

"Sampuli hii siipokei," akasema.

Jamilu akavaa miwani. "Mimi ningekuwa tayari kukosea kwa ajili yako," akasema. "Mungu anisamehe. Haya, twende tukaitoboe slabu yenyewe."

Walikwenda Sikuda kwa pikapu, na mashine ya kutoboa zege nyuma, ile yenye bomba la meno linalozunguka na kutoa kipande cha mviringo kama mhogo. Bweni lilikuwa limesimama juu ya msitu wa nguzo za miti ya kalitusi. Mashine hiyo inakunywa maji kama ng'ombe, na aliyeitwa kuyabeba alikuwa mama mmoja wa kijiji, Anjeline, ambaye siku ya kumwaga slabu alikuwa mmoja wa wanawake waliopandisha zege kwa karai kichwani.

Alimtazama Atai, akashusha ndoo. "Wewe ni mke wa Okochi? Ile ya kyubu?"

"Ndiyo mimi."

"Banange! Jamani!" Anjeline akacheka kwanza, kisha akakumbuka, akaziba mdomo. "Pole, dada. Pole sana. Lakini mume wako alituchekesha siku ile! Yeye nakuja asubuhi, sisi hata kazi hatujashika. Nakaa pale chini peke yake. Anachekecha kokoto na waya, anaosha na beseni, anakoroga na mkono. Sisi tunauliza, fundi, leo unapika? Yeye nasema, ee, leo napikia mke wangu. Mwanaume kupika! Tulicheka mpaka mbavu ikauma."

Atai akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

"Na slabu?" akauliza. "Slabu mliimwagaje?"

Kicheko kikamwisha Anjeline. Akaeleza kwamba asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Mchana mashine ya kuchanganya ikafa, wakaanza kuchanganya kwa koleo. Jua likawa kali, zege likawa zito, linakauka kabla halijafika juu, na wanawake ndio waliokuwa kwenye ngazi na karai.

"Shingo inauma, dada. Tukamlilia. Tukasema, fundi, hii tunakufa. Yeye alikuwa mtu ya huruma, wewe mwenyewe unajua. Akasema, haya, ongezeni maji, iwe laini. Tukaongeza. Ikawa kama uji, ikatelemka vizuri. Tulimshukuru." Akainua mkono wake wa kulia. "Lakini simenti hakuiba. Haki ya Mungu. Mifuko yote ilifunguliwa hapa, mimi naona."

Jamilu aliwasha mashine. Kipande cha kwanza, upande uliomwagwa asubuhi, kilitoka kizima. Cha pili kilikatikia ndani ya bomba. Cha tatu Jamilu alikisugua kwa kidole gumba na mchanga ukamwagika kwenye kiatu chake. Walivichukua maabara pamoja na vingine vilivyopona, wakavinyoosha ncha, wakavivunja. Nusu ya asubuhi ilikuwa inavumilika. Nusu iliyobaki haikuzidi kumi na moja popote.

Atai alisimama mbele ya mashine akingoja kuumia. Alisema moyoni, sasa. Sasa nitaumia. Akangoja. Kisha akafagia vipande kama kawaida, akavitupa kwenye lundo la nje.

Jumamosi watu walijaa Lumino. Turubai lilifungwa, wali ulipikwa, na msemaji alikuwa Jonan, baba mdogo wa Okochi, mtu wa sauti nene na mzaha mwingi.

"Nani ana neno na kijana wetu?" akauliza.

Mmoja alidai spana. Spana ikaletwa. Mwingine alidai kwamba marehemu alimwahidi kumtafutia mke na amekufa bila kutimiza, watu wakacheka, Jonan akamwambia, "Hilo deni hata yeye mwenyewe angekukimbia." Kisha akasimama mwenyekiti wa wazazi wa shule, Elungat wa Sikuda, kofia mkononi, na kicheko kikakatika chenyewe.

"Sisi hatukuja kwa ubaya," akasema Elungat. "Okochi tulimpenda. Lakini watoto wetu wanalala chini, na slabu ina nyufa, na watu wanasema mengi. Sisi tunadai bweni."

Kabla Jonan hajafungua mdomo, Nasirumbi alikuwa ameshasimama. Alikuwa mwembamba, na msiba ulikuwa umemkausha zaidi, lakini siku hiyo alisimama kama mwenye nyumba.

"Majibu iko," akasema. "Mke wake ameleta. Msikilize."

Atai akaja mbele, akapiga magoti mbele ya wazee kama inavyotakiwa. Ajambo alikuwa amekaa mkekani kati ya shangazi zake, anamtazama.

"Kyubu tatu za marehemu tumezivunja," Atai akasema. "Zilitakiwa kubeba ishirini na tano. Zimebeba arobaini na nne."

Weee! Hawakumngoja. Vigelegele vilipasua turubai, wanawake wakaruka, Jonan akapiga makofi, mtu akapiga kelele, "Mwizi yuko wapi sasa?" Nasirumbi alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, macho yamefumbwa, na midomo yake inakwenda bila sauti. Atai alibaki magotini. Hapo ndipo angeweza kuinuka akaenda zake, na mambo yangeishia hapo kwa heshima. Alingoja kelele zipungue kidogo.

"Sijamaliza," akasema.

Ilibidi aseme mara mbili.

"Hizo kyubu hazikutoka kwenye slabu. Alinitengenezea mimi, asubuhi, kabla kazi haijaanza, ili nisimgombeze. Slabu yenyewe tumeitoboa. Sehemu kubwa ni mbovu. Maji yalizidi. Simenti hakuiba, na yuko mtu wa Sikuda aliyeona kila mfuko ukifunguliwa. Lakini mtoto asipande pale. Ile slabu itavunjwa."

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mke gani huyu? Mumewe amemzika mara ya pili!" Na nyingine: "Si angenyamaza tu?" Jonan alikuwa anatazama chini. Nasirumbi alikuwa ameshusha mikono. Hakumtazama Atai kabisa, alimtazama Elungat.

"Itavunjwa na nani?" akauliza.

"Shule itatafuta watu, mama," Elungat akajibu kwa upole.

"Hapana. Okochi ni yangu. Okochi ndiye alimwaga. Sisi ndio tunavunja." Akageukia ukoo. "Neno limetolewa, neno limejibiwa. Jumatatu kila mwenye mkono namwona Sikuda."

Akaketi. Siku ile na Jumapili yake yote hakumwambia Atai hata neno moja. Alimpakulia chakula, akakisogeza kwa ncha ya vidole, akaondoka. Atai alikula chote.

Jumatatu walikwenda. Kaka zake Okochi, binamu zake, wajomba, na wanawake na makarai yao, kwa pikipiki na kwa miguu. Jamilu alikuwapo kuwaonyesha wapi pa kuanzia ili miti isihame na mtu asidhurike. Wanaume walipanda na nyundo kubwa, wanawake wakasimama chini kupokea vifusi. Nasirumbi alijitwisha karai la kwanza yeye mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Atai alipanda ngazi, akamwendea Jonan.

"Baba, nipe hiyo nyundo."

"Hii ni nzito, Mama Ajambo."

"Nipe."

Akampa. Wengine wakasogea, wakidhani mjane anataka kupiga moja kwa heshima kisha ashuke. Atai alisimama juu ya ile sehemu iliyomwagwa mchana, akapanua miguu, akainua nyundo mpaka juu ya kichwa.

Nataka mjue alichokuwa anakitaka wakati ule. Mashine alikuwa ameiona, namba alikuwa amezisoma, kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amezitaja mbele ya ukoo. Na bado, mikono ikiwa juu, alitaka slabu imkatalie. Alitaka nyundo idunde, mikono imuume, ajue kwamba wamekosea, kwamba Okochi alifanya kazi nzuri hapa pia. Alipiga kwa nguvu zake zote. Nyundo ilizama. Zege lilifumuka kama sima iliyolala, likamwagika chini kupitia nondo, na mwanga wa chini ukaonekana.

"Mpumbavu!" Atai akasema.

Watu wakageuka.

"Okochi, mpumbavu wewe!" Sauti ilikuwa imempanda, nene, hata yeye hakuijua. "Nani alikwambia nataka kyubu nzuri? Mimi nilitaka kyubu za kweli! Unanipikia mimi asubuhi, halafu mchana unawapikia watoto wa watu uji? Walale juu ya uji? Eti huruma! Shingo za wanawake zilikuuma, na shingo za wale watoto je? Ukaniletea mizigo yako unatabasamu, na mimi mjinga nikakusifu! Nikakusifu, Okochi!"

Mkwe kumtukana marehemu, juu ya kazi ya mikono yake, na mama mzazi yuko pale chini anasikia! Jonan alinyoosha mkono kuishika nyundo. Chini, Nasirumbi alikuwa ametua karai. Alikuwa anatazama juu kupitia lile tundu, vumbi limemjaa usoni, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili katika vumbi hilo.

"Jonan, mwache," akasema. "Mwambie, mwanangu. Mwambie na yangu. Mimi nilimzaa, mdomo wangu unakataa."

Atai akainua nyundo tena. Alimwambia Okochi kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kiteso cha kwao ambacho Okochi hakuwahi kukijua vizuri, akamwambia kwamba anampenda na kwamba hatamsamehe leo. Mwili ulikuwa umerudi kuwa wake na ulimuuma kila mahali. Alisema mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyemnyamazisha.